Nyumba Iliyobana Kiunoni

Mteja akiambiwa gauni lake litakula mita tatu, ajue mbili na nusu zitamvaa yeye na nusu itamvaa mtoto wa fundi. Mama Mkasi hakufundishwa hilo na mtu, alikuwa akilifanya mwenyewe tangu siku aliyoanza kukanyaga cherehani. Wala hakuliita wizi. Aliliita vipande. Mteja analeta kitambaa, nguo inatoka, vipande vinabaki, na vipande havina mwenyewe. Kwa vipande hivyo aliwavika watoto wake mpaka kila mmoja akaenda kwake, na hadi leo hushona vigauni vya watoto wa watu akaviuza kimyakimya, pesa yake akaijua yeye na Mungu wake.

Kwa hiyo shemeji yake alipoketi mezani na kukunjua makadirio ya nyumba mpya, Mama Mkasi hakusikiliza kama mtu anayejengewa. Alikuwa anatafuta vipande.

Shemeji mwenyewe ni mdogo wa mume wake, fundi mwashi. Mtaa ulimwita Timazi, kwa sababu ya ile kamba yenye chuma chini ambayo waashi hupimia kama ukuta umesimama wima. Yake haikutoka mfukoni hata alipokwenda harusini. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari: mawe ya msingi, mchanga, kokoto, saruji, nondo, matofali, mbao za paa, mabati, milango, madirisha, ujira. Sebule ile ya kupanga ilikuwa ndogo, watu watatu wakikaa mezani wa nne lazima akae kitandani nyuma ya pazia. Mguu mmoja wa meza ulikuwa umewekewa kadibodi, na kila Timazi alipoegemeza kiwiko meza iliinama kidogo, kana kwamba nayo inakubali.

"Jumla," akasema Timazi, "milioni kumi na nane. Mpaka paa. Rangi na vigae mtajuana navyo wenyewe."

Mama Mkasi hakumtazama Timazi. Alimtazama mume wake. Huyu bwana alikuwa msimamizi wa ghala mpaka alipostaafu, mtu wa kubishia kila hesabu. Aliweza kusimama mbele ya muuza nyanya akidai kupunguziwa bei mpaka nyanya mbichi zikaiva. Leo amesomewa milioni kumi na nane na hajauliza swali hata moja. Alikuwa anajikuna kidevu tu, macho darini.

"Sasa pesa yote hiyo tutaitoa wapi?" Baba Watoto akaiuliza dari.

Dari haikujibu.

"Labda," akasema tena, kwa sauti ya mtu aliyeokota wazo chini ya kiti, "labda kile kibanda."

Enhee. Kumbe huko ndiko tulikokuwa tukienda.

Watu walikiita kibanda kwa mazoea, lakini kilikuwa chumba cha mawe, pale kwenye kona ambapo kila anayeshuka stendi lazima apite, na ndani mlikuwa na cherehani tatu na meza ya kukatia unayoweza kulaza mtu mzima. Mama Mkasi alikinunua kwa pesa ya sindano yake. Hati tu ndiyo ilikuwa na jina la mume, kwa kuwa siku ya kuandikishana yeye alikuwa wodini na kitindamimba, na wakati ule waliona jina la mume na la mke ni kitu kimoja. Kibanda kile kiliwalisha miezi ambayo ghala halikulipa mishahara. Akikiuza na nyumba isisimame, atabaki fundi asiye na pa kushonea, mwanamke mzima wa kuomba pesa ya chumvi. Hilo alilijua vizuri, na lilimtia hofu kuliko alivyokuwa tayari kuonyesha.

"Si kwamba utaacha kushona," mume akaharakisha. "Chumba cha mbele kitakuwa chako. Dirisha kubwa, linatazama barabara. Unaamka, unanawa uso, uko kazini. Umri wetu huu, Mama Watoto, tutazeekea kwenye nyumba ya mtu mpaka lini? Kila mwisho wa mwezi kugongewa mlango kama wakimbizi wa madeni."

Hapo alisema kweli, na kweli yake ilimuuma Mama Mkasi. Nyumba aliitaka. Aliitaka kuliko hao ndugu wawili wakijumlishwa.

"Nipeni siku chache," akasema.

"Za nini?"

"Za kufikiri. Au kufikiri nako mmeshakukadiria humo?"

Timazi alicheka. Mume hakucheka, na hilo nalo Mama Mkasi aliliweka akiba.

Usiku ule hakuwa na shaka mwizi ni nani. Ni Timazi, nani mwingine? Ndiye aliyeshika kalamu, ndiye atakayenunua vifaa, ndiye fundi. Kikulacho ki nguoni mwako. Alimpenda shemeji yake, hilo lisieleweke vibaya. Alimpakulia kabla ya wengine, alimshonea suruali za kazi bure. Lakini hata yeye aliwapenda wateja wake.

Asubuhi alifunga kibanda, akavaa miwani ambayo huivaa akitunga uzi tu, akachukua mkoba wa harusini, akaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa tatu, ambako hajulikani. Muuzaji alikuwa mwanamume mwenye vumbi la saruji mpaka kwenye kope.

"Najenga ghorofa," Mama Mkasi akamwambia, bila salamu ndefu, kwa kuwa aliamini wenye maghorofa hawana muda.

Muuzaji alimtazama miwani, akashuka mpaka kwenye ndala. "Ghorofa ngapi, mama?"

"Nitajie bei kwanza. Nikishazisikia nitajua ngapi."

Bei za Timazi alikuwa nazo kichwani. Mtu anayekumbuka viuno vya wateja wake wote hawezi kushindwa na bei ya saruji. Alisubiri kwa hamu kusikia saruji ni rahisi kuliko ilivyoandikwa, aseme nimekupata. Muuzaji akataja saruji: ghali kuliko ya Timazi. Akataja nondo: ghali zaidi. Mabati nayo ndiyo usiseme. Akashuku kwamba muuzaji anamkomoa kwa sababu ya ghorofa, akaenda duka la pili, huko akawa mjane anayekarabati banda la kuku. Bei zilikuwa zile zile.

Alirudi amenuna. Mtu ukienda kumvizia mwizi ukamkuta anasali, hiyo si furaha, ni hasara ya nauli.

Lakini alipokaa kwenye cherehani na mguu ukaanza kazi, kichwa nacho kikaanza. Fundi mwenye tamaa huongeza, hapunguzi. Sasa fundi aliyeandika bei za chini kuliko za dukani, anatafuta nini? Ukikutana na mshonaji anayekuambia gauni lako litakula kitambaa kidogo kuliko wenzake wote walivyosema, usimshukuru. Ama hajui kazi, ama vifungo havitafunga. Na Timazi kazi anaijua. Hapo ndipo shaka yake, badala ya kufa, ilipoota mizizi.

Mchana ule akaingia muuza simu wa duka la jirani, aliyeleta suruali kupunguzwa urefu tangu wiki iliyopita.

"Bado, baba. Kesho kutwa," Mama Mkasi akamwambia.

"Hakuna haraka, mama, hakuna haraka kabisa." Badala ya kutoka, akasimama katikati ya chumba akitazama dari. Akasogea ukutani, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. "Hapa mvua haiingii?"

"Ingeingia ningekuwa nashona majini?"

Akatabasamu, akagonga ukuta mwingine, akaondoka. Watu wa simu hawa, Mama Mkasi akajisemea, kila waendapo wanatafuta mtandao. Akarudi kwenye upindo wake.

Siku iliyofuata alimtumia Timazi ujumbe wakutane kiwanjani. Alitaka kuiona nyumba chini, si kwenye karatasi. Karatasi haina nyonga. Hata gauni baya hupendeza likiwa kwenye karatasi.

Kiwanja kilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, kati ya nyumba mbili zilizoishia kwenye kuta, majani yakiota sebuleni. Wenyewe waliishiwa pesa, na kila aliyepita alijua. Mama Mkasi alizitazama kwa huzuni ya mtu anayemwona mgonjwa wa ugonjwa anaouogopa. Kisha akaona rundo la mawe ya msingi kwenye kiwanja chake, meupe, mapya.

"Haya yametoka wapi?"

"Ya kaka," Timazi akajibu, amechuchumaa, anapigilia kigingi.

"Kaka yako kayanunua kwa pesa gani?"

"Shemeji, mimi ni mwashi. Sijawa benki."

Akaendelea kupigilia vigingi na kuvuta kamba kutoka kimoja hadi kingine, mpaka nyumba nzima ikalala chini imechorwa kwa kamba. Huku sebule, huku ukumbi, huku chumba chenu, hiki cha wageni, na kile cha mbele chako, shemeji, cha kushonea. Mama Mkasi akavua futi yake ya kamba shingoni, ile ya kupimia watu, akaingia kwenye chumba chao.

Alipima kitanda chao hewani. Kikaingia. Akapima kabati. Likaingia pia, ila ili mlango wa kabati ufunguke ilibidi mmoja wao awe amepanda kitandani. Akatoka ukumbini, akamwita Timazi waje kila mmoja kutoka upande wake. Walipokutana katikati ikabidi shemeji arudi kinyumenyume kama gari lililokosea njia. Sebule ilikuwa hii hii wanayopanga leo, tofauti ni kwamba haina pazia. Akaacha cha mbele kiwe cha mwisho, maana alikuwa anakiogopa. Meza ya kukatia ikiingia, yeye anatoka.

"Na dirisha kubwa?"

Timazi akaonyesha kwa mikono miwili dirisha la kupitisha paka aliyeshiba.

Mama Mkasi akasimama palepale, futi ikining'inia. Hasira ilikuwa ikimpanda, lakini kabla haijafika kichwani kitu kingine kilitangulia, nacho ni ufundi. Nyumba hii alikuwa ameshaiona mara nyingi, mezani kwake. Kuna mteja huja na mwili mkubwa na kitambaa kidogo, na hataki kuambiwa akaongeze. Nguo ya mtu huyo huikati kwa mwili. Unaikata kwa kitambaa. Unaiba kidogo kwenye upindo, unafupisha mkono, unabana kiuno, na mteja anatoka hapumui vizuri lakini amevaa.

"Shemeji, njoo hapa. Nyumba hii hukuikata kwa mwili wetu."

Timazi akaokota kigingi ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Sikugombezi. Nakuuliza fundi kwa fundi. Ulianza na nyumba ukafika kwenye milioni kumi na nane, au ulianza na milioni kumi na nane ukarudi kinyumenyume mpaka kwenye nyumba?"

Mwashi alitoa timazi yake mfukoni, akaizungusha kidoleni, akairudisha. "Fundi kwa fundi," akasema, "nilipewa jumla. Nikaambiwa nishuke nayo mpaka nyumba ienee. Nikabana vyumba, bado. Nikaandika bei za mwaka juzi, ndipo ikaenea."

"Na kwa bei za leo, tunafika paa?"

 Timazi alitazama nyumba ya jirani yenye majani sebuleni, na Mama Mkasi akaitazama pia.

"Jumla hiyo kaitoa wapi?"

"Hapo utanisamehe, shemeji. Kaka ni kaka. Muulize mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi alikaa kwenye gari akiwa hasikii wala haoni. Mtu hawezi kuota milioni kumi na nane. Si kumi na tano, si ishirini. Kumi na nane, imekatwa kama mshahara. Kuna mahali pesa hiyo imekaa inangoja. Akamfikiria mkopeshaji. Akamfikiria mwanamke. Mwanamke akamwondoa, si kwa kumwamini sana mume, bali kwa kuwa alimjua ni bahili mno kuweza kugharimia mwanamke wa pili. Ila alipofika mlangoni alijua kwamba akimuuliza waziwazi atapewa hadithi. Mtu aliyeandaa jumla ameandaa na majibu. Samaki huyu havuliwi kwa swali.

Walikula kwanza. Mama Mkasi alisubiri mpaka mume aongeze mchuzi.

"Nimeonana na shemeji kiwanjani," akasema. "Bei zote nimezikagua. Kazi yake safi."

Kijiko cha mume kilichokuwa kimesimama kikaendelea na safari. "Si nilikuambia? Yule mtoto hana makuu."

"Kuna kitu kimoja tu amesahau. Shimo la choo. Itabidi tuongeze milioni moja."

"Haiwezekani," Baba Watoto akasema, mdomo umejaa, bila kufikiri hata kidogo. "Yule haongezi. Nimembembeleza wiki nzima, kagandia kwenye kumi na nane."

Halafu akasikia mwenyewe alichokisema. Alitafuna polepole sana, kama anayetafuta jiwe ndani ya tonge.

"Yule nani, Baba Watoto?"

"Timazi."

"Timazi ni wa kulipwa. Nakuuliza habari za anayetoa."

Upande wa pili wa ukuta redio ya wapangaji wenzao ilikuwa ikitangaza vifo. Mume akasukuma sahani mbele. "Muuza simu," akasema.

Basi si mtandao uliokuwa ukitafutwa pale. Mtu alikuwa anakagua mali yake. Mama Mkasi aliuona upya mkono ule ukigonga ukuta wake, akaona aibu kwa kutabasamiwa vile na asijue, na aibu hiyo ikamchoma kuliko hata uongo wenyewe. Mtaa mzima ulijua bei ya kibanda chake isipokuwa yeye.

"Umeshapokea kitu?"

"Kidogo tu. Cha kumshikilia."

"Kiko wapi?"

"Yale mawe."

 Mama Mkasi alitaka kulia na alitaka kumrushia sahani, na kwa kuwa hakuweza kuamua, alibaki amekaa, mikono mapajani. Miaka yote hii amelala na mtu huyu, amemtolea miiba, amemshonea mpaka kanzu za kulalia, na mtu huyu amekwenda kuongea bei na jirani kisha akarudi nyumbani kuiuliza dari pesa zitatoka wapi.

"Niliona aibu kukuomba," mume akasema. "Ningekuomba ungekataa."

"Kuomba uliona aibu. Kuuza hukuona."

"Na isitoshe, hati ina jina langu." Aliisema kwa sauti ndogo, lakini aliisema, na katika makosa yake yote ya mwezi ule hilo ndilo lililokuwa baba yao.

"Hati ina jina lako," Mama Mkasi akaitikia. "Na zile tundu za sindano kwenye vidole vyangu zina jina la nani? Wewe hukukadiria nyumba. Umekadiria kibanda changu, halafu ukamtuma mdogo wako akakivike kuta. Na hata kuta zenyewe zisingefika paa. Ningekuwa nakaa kwenye msingi, sina duka, sina paa, nina mume mwenye hati."

Baba Watoto hakubisha. Yeye mtu wa kubisha, alishusha mabega yakabaki hapo. Alipozungumza hakutazama dari wala mke, alitazama mlango. "Tangu nistaafu sina ninachokifanya ila kufungua mlango huo na kumwambia mwenye nyumba asubiri. Nilitaka kabla sijafa, siku moja, mtu akigonga, awe anagonga mlango wangu. Ni hilo tu."

Lilimwingia. Hakutaka limwingie, lakini liliingia, maana alimjua na alijua hili halikuandaliwa. Akainuka, akapita nyuma ya pazia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama, akatoka na kopo kubwa la maziwa ya unga, akaliweka mezani. Meza ikakubali. Akalifungua, akaanza kutoa noti zilizofungwa kwa vitambaa vya rangi rangi.

Mume aliinuka nusu, akaketi tena. "Kumbe una pesa."

"Ninazo."

"Na ulinificha."

"Nilikuficha. Wewe ulinificha mnunuzi, mimi nilikuficha kopo. Tukae tupime kipi kizito?"

"Umezitoa wapi?"

"Vipande," akajibu, akaendelea kuhesabu.

Baba Watoto hakuelewa, na aliogopa kuuliza mara ya pili. Lakini alianza kumtazama mke wake kwa jicho ambalo hakuwa nalo asubuhi, jicho la ghalani, lile la kutafuta gunia linalopungua. Mama Mkasi aliliona na hakujali. Mwache naye aonje.

"Hayo mawe uliyanunua kwa bei gani? Taja ya kweli, nitamuuliza Timazi."

Akaitaja. Ikatoka yote kwenye kopo, na kilichobaki kikawa kidogo cha kusikitisha. Kisha Mama Mkasi akanyoosha mkono juu ya meza na kuuacha hapo, kiganja wazi. Mume aliuangalia muda mrefu. Mwishowe akaenda kwenye sanduku lake, akaleta hati, akaiweka kwenye kiganja kile. Hati ikaingia koponi, kopo likarudi mvunguni.

Asubuhi, muuza simu hata hajamaliza kufungua milango yake, Mama Mkasi alikuwa mbele yake na suruali iliyopigwa pasi.

"Suruali yako, baba. Na mfuko wa kushoto una pesa yako. Ihesabu nikiwepo."

"Lakini mama, mimi na mzee tulikuwa tumeshaelewana."

"Mlielewana vizuri. Ila cherehani hamkuziuliza." Alimngoja amalize kuhesabu, akapokea na karatasi ya makubaliano aliyosainiana na mzee, akaichana palepale. Alipofika mlangoni aligeuka. "Na mvua haiingii."

Mwisho wa wiki Mama Mkasi na shemeji yake wakarudi kiwanjani. Timazi aling'oa vigingi vyote, na safari hii walianza upya na kitanda. Walilaza kitanda kwanza, kwa futi ya kupimia watu, wakaacha nafasi ya kabati kufunguka na mtu kupita bila kuomba radhi, wakaacha dirisha la kuingiza jua, ndipo wakafunga kamba. Kikatoka chumba kimoja. Chumba hasa, cha kuingia kitanda na pumzi. Timazi akakokotoa kwa bei za leo za dukani, jumla ikaja mwisho, mahali pake. Mawe yalitosha na kuzidi. Kwa pesa iliyobaki koponi na magauni ya miezi michache kuta zingesimama, na paa dogo lingefuata.

"Na nyumba nzima, shemeji?" Timazi akauliza.

"Itakuja kwa vipande."

Wakati huo Baba Watoto alikuwa amefika. Alikuja peke yake, kwa miguu, amebeba mfuko wa misumari ambayo hakuna aliyemwagiza. Tangu ile siku walikuwa wakisalimiana na kupeana chumvi, basi. Alizunguka nyuma ya rundo la mawe, akaja mpaka kwenye kamba na kusimama. Ilikuwa imefungwa chini ya goti. Kuku angeivuka. Timazi alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mzee hakuivuka. Aliifuata kwa pembeni mpaka kwenye vigingi viwili vilivyoachiwa mwanya, pale ambapo siku moja pangekuwa mlango. Akasimama nje yake, akavua kofia.

"Hodi," akasema.

Mama Mkasi alikuwa amepiga magoti ndani, akinyoosha futi kutoka ukuta usiokuwepo hadi ukuta usiokuwepo. Aliviona viatu vya mume wake, vimepigwa vumbi, vikingoja. Moyo ulitaka kuitikia. Aliusikia ukitaka. Akatazama namba kwenye futi, akaitazama tena, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa ameisoma vibaya.

"Subiri hapo hapo," akasema. "Bado napima."